Jina la Seva Lililokosa Herufi Moja

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta Nachingwea, na kituo kimoja cha afya cha misheni, upande wa Ruangwa, kilikuwa mteja wangu. Jumatatu niliwawekea seva mpya ya barua pepe, maana ile ya zamani ilikuwa imechakaa. Jumatano akanipigia Sista mfawidhi wa kituo.

"Fundi, barua hazifunguki. Inasema neno la siri si sahihi."

"Utakuwa umesahau, Sista. Nakuwekea jipya."

Nikaweka jipya, likakataliwa. Nikaweka jingine, nalo likakataliwa.

"Andika polepole, Sista," nikamwambia, kama namfundisha mtoto wa chekechea.

"Mwanangu, mimi nashona vidonda vya watu. Herufi nane hazinishindi. Kuna mama hapa anasubiri majibu ya kinyama tulichomkata kwenye titi. Yako humo."

Nikapanda pikipiki yangu.

Yule mama nilimkuta kwenye benchi, amejifunika khanga mpaka mdomoni. Mumewe, mfugaji aliyehamia Mbwemkuru kutoka Kanda ya Ziwa, alisimama aliponiona.

"Ndiye wewe unayefungua?" aliniuliza.

"Ndiyo, mzee."

Niliketi mbele ya seva nikasoma kumbukumbu zake mstari kwa mstari. Seva ile huhifadhi kila mtumiaji chini ya jina la seva yenyewe, na siku ya kuhamisha watumiaji kutoka seva ya zamani jina hilo nililiandika mimi, nikaruka herufi moja. Basi kila mara Sista alipojaribu kuingia, seva ilimtafuta chini ya jina ambalo halina mtu, ikamkosa, ikasema neno la siri si sahihi. Neno lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Nikaandika herufi iliyokosekana, nikaizima seva na kuiwasha. Sista akaingia mara moja, barua zikashuka.

"Kosa ni langu, Sista. Nilikusingizia."

"Nilijua," alijibu, macho yakiwa kwenye skrini. Alikuwa ameshaanza kusoma. Akawaita wale wawili ndani, akafunga mlango.

Walipotoka, mama alikuwa analia. Lakini mumewe alinijia akitabasamu.

"Si saratani. Ni uvimbe wa kawaida, watautoa tu, basi."

Akanishika mkono, akanishukuru kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma. Nilitaka kumwambia kwamba mimi ndiye niliyewachelewesha. Nikasema tu, "Mungu ni mwema, mzee," nikaenda kuwasha pikipiki.