Mashine ya Wifi Wahida na Maji ya Mtungi

Wifi yangu Wahida haambiliki. Nalisema hili mapema, mtu asije akadhani namsema kwa kuwa ni mke wa kaka yangu. Hata angekuwa dada yangu wa tumbo moja ningemsema vilevile, tena kwa sauti.

Gesi ilipogunduliwa baharini upande wa Palma, sisi wa Mocímboa da Praia tulipatwa na wazimu, kila mtu na wake. Mwenye chumba kimoja cha ziada alijiita mwenye hoteli. Muuza mihogo akaanza kuiita almoço, chakula cha mchana kwa Kireno. Kaka yangu Jamaldine na mkewe walihamia chumba cha uani, vya mbele wakapangisha wageni wanaopita, na Wahida akapigilia ubao mlangoni: Pensão. Yeye alipika, mimi nikaosha vyombo. Nilisugua kwa kumbi la nazi, nikasuuza, nikafuta kwa kitambaa hapo hapo, na hakuna mgeni aliyewahi kulalamika.

Basi Mreno mmoja akamaliza kazi zake, akauza vitu vya nyumba ili arudi kwao. Wenye akili zao walinunua viti. Wahida alinunua mashine ya kuosha vyombo.

"Ancha wifi yangu," akaniambia, mikono kiunoni, "sasa na wewe utapumzika."

Mtu akikwambia utapumzika, jua umefukuzwa. Nikabaki kuwa wa kugeuza samaki na kubeba sahani mezani.

Fundi wa kuifunga alikuwa Rajabo, ambaye aliwahi kufunga taa ya getini kwenye kambi ya watu wa gesi, na tangu hapo hataki kuitwa Rajabo hivi hivi, anataka técnico Rajabo. Akaunganisha mashine na tanki la nyuma ya jiko, ambalo tunalijaza maji ya kisima chetu. Mashine ikanguruma, ikatetemeka, ikamwaga maji uani, ikanyamaza. Wahida akafungua mlango wake polepole, kama anafunua mtoto aliyelala.

Glasi zote zilikuwa na ukungu. Zimeshika utando mweupe, ukipitisha kidole unakwaruza. Sahani nazo hivyo hivyo. Mgeni mmoja aliinusa glasi yake kabla ya kuinywea, akauliza kama ilikuwa na maziwa.

Ingekuwa wakati mwingine tungecheka yakaisha. Lakini Alhamisi ile alikuwa anakuja Dona Madalena, mama wa kampuni moja anayewatafutia mainjinia mahali pa kulala. Angekula chakula cha mchana, angetazama vyumba na jiko, na akiridhika angevichukua vyumba vyote mwaka mzima. Wahida alishahesabu kazi hiyo ni yake. Kaka yangu, ambaye kwa mkewe hana kauli, alishateremsha mchanga na matofali uani kwa ajili ya vyumba vipya.

"Sabuni haitoshi," akasema técnico. Akaongeza. Povu likatoka mpaka kizingitini na ukungu ukabaki palepale. Akatoa kitabu cha mashine, akasoma Kireno chake kwa kukohoa kohoa, halafu akatangaza kwamba mashine inataka chumvi, na tundu la kuitia liko chini.

Wahida akamtazama kutoka juu mpaka chini. "Chumvi? Maji ya kisima changu ni chumvi tupu, wewe unataka niongeze nyingine. Unanipikia mchuzi humo?"

Rajabo akaona haya, akafunga kitabu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, maana kweli, nani wa pwani hii angetia chumvi kwenye maji yetu? Baadaye sana ndipo nikaelezwa kuwa kuna chumvi yake maalumu, si ya kupikia, na kazi yake ni kuyatoa maji chokaa. Siku ile hakukuwa na wa kutueleza.

Lakini Wahida si mjinga, shida yake ni kichwa kigumu tu. Akafikiri, akasema: "Haya maji ndiyo mabaya. Mashine inataka maji matamu."

Sasa, kwetu kila nyumba ina maji ya aina mbili. Ya kisima ni ya kuogea na kuoshea. Matamu ni ya kunywa, yanaletwa kwa baiskeli kutoka visima vya bara, njia ya Awasse, na yanakaa mtungini. Mtoto akichota mtungini maji ya kunawa miguu anapigwa, na hakuna jirani atakayemtetea.

Alhamisi asubuhi Rajabo akalimwaga tanki, akasugua tumbo la mashine kwa ndimu. Wenye baiskeli walipofika, Wahida akaamuru madumu yote yamiminwe tankini. Hayakutosha. Akainamisha na mtungi.

"Wifi," nikamwambia, "na ya kunywa?"

"Nitatuma ya chupa. Wewe angalia samaki wako."

Mtungi mtupu mbele ya mgeni ni aibu, kwa hiyo akaujaza maji ya kisima, uonekane tu. Halafu akawasha mashine. Na kusema kweli ya Mungu, glasi zilitoka zinang'aa. Asubuhi nzima akawa anazinyanyua moja moja dirishani, anafumba jicho moja, anacheka peke yake. Ya chupa hakutuma mtu.

Dona Madalena alifika na jua kali, amechoka, koo limemkauka. Wahida akaninyang'anya jagi, leo alitaka kumimina mwenyewe. Mkono wake ukaenda ulikozoea kwenda miaka yote, mtungini.

Mgeni akainua glasi. "Safi sana hii," akasema, akanywa funda kubwa. Uso ukamkunjamana. Akaiweka mezani kwa adabu, akaomba glasi nyingine. Wahida akadhani ile ina doa, akamletea inayong'aa zaidi.

Akaonja tena. "Dona Wahida, hawa wageni wako wanakunywa maji haya?"

Wahida akageuka, akautazama mtungi. Samaki wangu hakuguswa. Mainjinia walikwenda kulala nyumba nyingine, huko wanakunywea vikombe vya plastiki, na mchanga wa kaka yangu kuku wanaufukua mpaka leo.

Alasiri ile kiu ilitushika. Wenye baiskeli hawarudi mpaka kesho yake, na maji matamu yaliyobaki nyumbani yalikuwa ya tanki la mashine peke yake. Rajabo akafungua bomba linalotoka tankini. Wahida, mwenye Pensão, akachutama kwenye tope la uani, akakinga kopo, akanywa. Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, nilishapanga na maneno. Nikamwona machozi yanamtoka huku anameza, roho ikaniuma.

Akanipa kopo. "Kunywa, wifi. Matamu."

Nikanywa. Nikamrudishia kopo. Kisha akaniuliza, hanitazami, lile kumbi langu la nazi nililiweka wapi.

Nikamwambia nimelitupa, maana niliambiwa nipumzike.