Ulimi wa Mama Cornelia

Pale Kasense, pombe ya ulezi hainywewi mpaka Mama Cornelia aionje. Juzi aliionja, akasema imeiva. Wageni wa kipaimara wakaitema chini, imechacha. Hakuona aibu. Hakuona chochote.

Hayo Cornelia alimsimulia Ummy, mshauri nasaha wake wa mjini kwa miezi minne sasa, kama anayesimulia habari za jirani.

Ummy akaandika barua, akampa. "Mama, kwa sonona hii na wasiwasi huu, mazungumzo peke yake hayatoshi. Mpelekee daktari barua hii, aangalie kama dawa zitakufaa. Jumatano urudi kwangu kama kawaida."

Cornelia akaifunga barua kwenye pindo la kanga.

"Hizo dawa ni chungu?"

"Wengi wanasema ni chungu, mama."

"Heri," akasema. "Labda huo uchungu nitausikia."