Hadubini za Wageni

Kwetu Pemba, nyumba ikiwa na uwezo wowote, hata mdogo, ina vyombo vya wageni. Sahani za maua, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, birika ambalo halijawahi kuona chai. Vinakaa kabatini nyuma ya kioo, na watoto wa nyumba hiyo wanakula wali wao kwenye sahani za plastiki mpaka wanaoa au kuolewa. Sina ugomvi na desturi hiyo. Mama yangu kule Shumba anavyo, na mimi mwenyewe ninavyo. Ugomvi wangu ulianza pale desturi hiyo ilipohamia skuli.

Nasomesha baiolojia katika skuli ya serikali upande wa Ole. Tulijengewa maabara, tukaletewa hadubini mpya kabisa, za kukuzia vile vidude ambavyo jicho tupu haliwezi kuviona. Mwalimu mkuu wetu alizipokea kwa dua, machozi yakimlengalenga, na simcheki, maana skuli ilikuwa imeziomba kwa miaka mingi. Kisha akazipanga mezani kwa mstari ulionyooka, akaziacha ndani ya mifuko yake ya nailoni, akafunika kila moja kwa kitambaa cha kufuma kilichotoka nyumbani kwake, akafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni mwa kanzu.

Kila nilipouomba, jibu lilikuwa lilelile.

"Subiri kwanza, bibie. Watoto hawa mikono yao mizito. Zikiharibika tutaonesha nini?"

Tutaonesha nini! Hakusema tutasomeshea nini.

Basi nikaendelea na chaki. Nikachora seli ubaoni, wao wakanakili. Siku moja chaki ilinivunjikia katikati ya mstari, mkono ukaruka, ukuta wa seli ukaota kipembe. Kabla sijakifuta nikaitwa nje. Ulipofika mtihani, darasa zima likaniletea seli zenye kipembe, na wapo walioandika kazi yake: kuingiza maji. Nilicheka hadi walimu wenzangu wakaniuliza nimepatwa na nini. Halafu hasira zikanipanda, kwa sababu watoto wale hawakukosa. Walichora walichooneshwa, na chumba chenye ukweli kilikuwa ng'ambo ya uwanja, kinaonekana dirishani, kimefungwa.

Katika darasa hilo la kidato cha tatu alikuwamo msichana mmoja aliyekuwa akinifuata kila nikimaliza kipindi. Mdogo wake aliwahi kukojoa damu. Watu wa afya walipopita kupima kichocho, yeye alisimama mlangoni mwa chumba walichopewa, akamwona mmoja wao ameinamisha jicho kwenye hadubini, kisha akamsikia akisema, "Mayai haya hapa." Tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine duniani. Alitaka kuwa yule mtu. Aliniuliza mayai hayo yana rangi gani, yana umbo gani, yanatikisika au yametulia. Nilimchorea. Nilijiona mjinga, mtu mzima na shahada yangu, namchorea mtoto yai la kichocho kwa chaki ilhali chombo cha kulionea kiko hatua chache, kimevishwa kitambaa.

Kisha wakaja wageni kutoka mjini kutazama maendeleo ya sayansi. Mlango ukafunguliwa, vitambaa vikatolewa, wanafunzi wakavishwa makoti meupe ambayo yalikuwa ya kukusanywa baadaye. Mwalimu mkuu akawapa maelekezo: inamisheni jicho, mkiulizwa semeni mnaona seli. Mimi nikapangwa nyuma, karibu na sambusa.

Mgeni mmoja, mama mpole wa sauti, akasimama kwa yule msichana wangu.

"Unaona nini, mwanangu?"

Msichana akainua uso. "Sioni kitu, mama. Mfuko haujavuliwa bado."

Unadhani mgeni aliuliza kwa nini? Alicheka, akampigapiga begani, akasogea mbele. Hakuna hata mmoja katika msafara ule aliyenyoosha mkono kuuvua mfuko. Walikula, wakapigwa picha, wakaondoka. Makoti yakakusanywa, mlango ukafungwa.

Asubuhi ya pili mama wa yule msichana akaitwa ofisini. Alitoka moja kwa moja kwenye konde lake la muhogo, udongo haujamtoka miguuni. Mimi sikuitwa. Nilibisha hodi, nikaingia, nikakaa.

"Kaniaibisha mbele ya wageni," mwalimu mkuu alisema. "Mchepuo wa sayansi simtaki tena. Ahamie sanaa."

Mama akashika mashavu. "Yarabi! Mwalimu, n'nakuomba radhi. Mwanangu si mtovu wa adabu, kaghafilika tu." Akamgeukia binti yake, aliyekuwa kaitwa pamoja naye. "Muombe radhi mwalimu wako, we! Sema uliona!"

Maneno hayo yalinichoma kuliko ya mwalimu mkuu. Mama mwema, mswalihina, aliyemlea mtoto wake asiseme uongo, sasa anamsihi aseme uongo ili abaki kwenye somo la sayansi. Tumefikishana hapo.

Msichana alisimama ameinamia vidole vyake.

"Nikiomba radhi," alisema, "ntaangalia?"

"Utaangalia nini?"

"Hiyo hadubini."

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. Nilisimama, na sauti yangu nadhani ilifika barabarani. Nilimwambia huyu ndiye peke yake aliyefanya sayansi jana: kaangalia, kasema alichokiona. Akihamishwa, na mimi nihamishwe naye, kwa sababu sitasimama tena mbele ya watoto wa watu nikawasomesha vipembe. Nilimwambia zikiharibika mikononi mwao zitakuwa zimefanya kazi, lakini kule kwenye vitambaa zinaota kutu kwa unyevu wa kisiwa hiki, tena bila kumfaa mtu.

Mwalimu mkuu akatia mkono mfukoni mwa kanzu.

"Chombo kikivunjika, hata kimoja," alisema, akiuweka ufunguo mezani, "ni juu yako."

"Ni juu yangu," nikasema, nikauchukua kabla hajabadili nia.

Tulivuka uwanja darasa zima. Tukavua mifuko, na harufu ya nailoni mpya ikajaa chumba. Nilikata kitunguu, nikawaonesha namna ya kubandua ngozi yake nyembamba ya ndani na kuilaza kwenye kipande cha kioo. Yule msichana akawa wa kwanza. Akakishika kioo, kikamponyoka, kikapasuka sakafuni.

Hakuokota, hakulia. Alifumba macho, akakunja mabega, akasubiri kipigo.

Nikampa kioo kingine.