Oili Uani kwa Bi Kuluthumu

Kitu cha kwanza alichokiona Bi Kuluthumu kila asubuhi akifungua mlango wa uani ni lile doa. Tangu aolewe hapo Isevya, Tabora mjini, alizoea kuuona uwanja wake umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inahesabika. Sasa chini ya pikapu kulikuwa na dimbwi jeusi linang'aa kama kidonda kibichi, na kuku walishalikanyaga na kutembeza nyayo zao mpaka kwenye mkeka wa kuswalia. Akasonya. Akamwagia majivu, na kesho yake doa likawa limetokeza juu ya majivu.

Pikapu hiyo ya dizeli aliachiwa na marehemu mumewe, Mzee Mustafa. Kuendesha alifundishwa na huyo huyo, zama zile watu walipokuwa wakitoka milangoni kumtazama mwanamke kashika usukani. Shule hakufika mbali. Anaandika jina lake na kutia alama kwenye ndoo, basi. Lakini asali anaijua. Huenda mwenyewe Ulyankulu kuichukua kwa wakulima, huichuja mara mbili kwa kitambaa, na huiuza mjini ikiwa haina hata bawa la nyuki. Hupenda kusema kwamba babu wa babu yake alibeba kibuyu cha asali kichwani kutoka Tabora hadi pwani, miezi mitatu kwa miguu, na hakikudondosha tone. Haya, yeye mjukuu ana gari, na gari lenyewe linadondosha kama pua ya mtoto mwenye mafua.

Kilichomkata maini zaidi ni ndoo iliyorudishwa. Mteja wake wa miaka mingi alionja, akakunja uso, akasema asali inanuka gereji. Bi Kuluthumu alikwenda nayo nyumbani, akainusa mwenyewe, akatoka nje kutema mate. Ilikuwa kweli.

Hapo ndipo Shaban alipopata la kusema. Shaban ni mtoto wa Mzee Mustafa kwa mke wa kwanza, na tangu matanga yaishe amekuwa akiitazama ile pikapu kama anayetazama ng'ombe mgonjwa, atachinjwa lini. Alikuja na viatu vyake vyeupe, akasimama mbali na doa, akasema anawajua watu wa chuma chakavu. Bi Kuluthumu, kwa hasira, akamwambia aje Ijumaa baada ya swala. Akikuta tone moja tu chini ya gari, alichukue. Alisema hivyo majirani wakisikia, na neno lake yeye hajawahi kulirudisha, hata lile la kijinga. Bila gari hakuna Ulyankulu, na bila Ulyankulu angebaki kukaa barazani, kungoja Shaban amletee sukari.

Fundi wa gari hilo alikuwa Evaristi, mzaliwa wa Ulyankulu, mtu mzima mwenye watoto na maneno machache. Kufikia hapo alikuwa ameshakuja mara tatu. Mara ya kwanza alibadilisha gasketi ya kifuniko cha juu cha injini, ya pili akaweka sili mpya ya mbele, ile pete ya mpira inayozuia oili, ya tatu akapaka silikoni nyekundu kila penye kiungo, mpaka injini ikawa kama mdomo wa bibi harusi aliyejipaka gizani. Kila mara pikapu ilikaa kavu siku mbili, kisha ikavujia pengine.

Na uchafu wake, jamani. Alikuwa na tambara moja, la kufutia injini na la kufutia pua. Alichovya kidole kwenye oili, akakisugua kwa dole gumba, akanusa, akafikiri, halafu kwa vidole hivyo hivyo akachota karanga kwenye ungo wa Bi Kuluthumu. Ungo mzima ukaenda kwa kuku. Akiomba maji ya kunywa alipewa kwenye kopo la bati lililokaa nje siku zote, maana vikombe vya nyumba ile havikuwahi kushikwa na mikono ya namna ile.

Jumanne, baada ya dimbwi la tatu, alimfukuza. Hakupaza sauti.

“Wewe si fundi. Wewe ni mpaka rangi.”

Evaristi akakusanya spana zake, akazitia kwenye gunia. “Sawa, mama. Lakini hii injini kuna kitu kinaisukuma toka ndani. Nikiziba huku inatokea kule. Hata kile kijiti cha kupimia oili nimekikuta kimechomoka chenyewe.”

“Kimechomoka kinakwenda wapi, sokoni?”

Evaristi akabeba gunia lake, akaondoka. Hata jua halijazama, foleni yote ya bombani ilikuwa imeshaambiwa kwamba Evaristi hajui kitu.

Jumatano Bi Kuluthumu alijifunga kanga kiunoni, na nyingine puani. Pipa la asali likivuja yeye hahangaiki na tone la chini, maana asali hutoka juu, ikateleza, ikaja kudondokea mahali pasipohusika. Huliosha pipa, hulikausha, hulipaka unga wa muhogo, akakaa kulitazama. Unga utaloa kwanza pale penye tundu. Akaona injini nayo ni chombo tu.

Aliiosha kwa mafuta ya taa, burashi na sabuni. Yaliyotoka humo hakutaka kuyataja hata kwa mdogo wake, Tunu. Tope lililoungana na oili likawa kama ugali mweusi, ndani yake manyoya, mbawa za mende, na mjusi mzima aliyekaukia humo akiwa amefumbua mdomo. Mara mbili alikimbilia ukutani kuvuta hewa safi. Mara mbili akarudi. Alipomaliza aliacha ikauke, akachekecha unga wa muhogo kwa chujio la chai mpaka injini ikawa nyeupe yote, kisha akawasha, akakaa kwenye kigoda na tochi mkononi.

Unga ukaanza kuloa juu, kwenye kifuniko. Kabla hajafurahi, ukaloa mbele. Halafu nyuma. Injini ilikuwa ikitoka jasho mwili mzima, kama mgonjwa wa homa. Halafu kile kijiti kikaanza kupanda chenyewe, polepole, na mbele ya macho yake kikaruka na kumtemea oili kifuani.

Akajifuta huku akilaani, na maneno ya Evaristi yakamrudia. Kitu kinaisukuma toka ndani.

Mkono wake ulijua kabla ya kichwa. Kutoka juu ya injini kuna mpira unaoteremka kwa nyuma, ambao injini hupumulia. Masika, mpira ule ulikuwa ukitoa tone moja au mawili kwa siku, hapo hapo kwenye uwanja uliofagiwa, na yeye ulimtia kinyaa. Akazima injini, akainama, akapenyeza mkono kule nyuma ambako hata burashi haikufika. Akapapasa. Lilikuwepo: gunzi la mahindi limezungushiwa kitambaa chenye nta, limekazwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, fundo mara mbili. Fundo lake. Ndivyo anavyoziba vibuyu vya asali, miaka hamsini sasa.

Alikaa chini, kwenye uchafu wote ule. Ni mara ngapi amewagombeza wale wakulima wa Ulyankulu! Asali iliyoingia maji inachemka, inatoa hewa, usiizibe, itapasua kibuyu. Kumbe aliyeziba ni yeye. Kinyaa alichokuwa nacho kwa gari, kwa Shaban na kwa tambara la Evaristi kikamgeukia mwenyewe, na kilikuwa kikali kuliko vyote.

Akalichomoa gunzi, akawasha tena. Mpira ukapumua moshi wa kunuka, puh, puh, na kijiti kikatulia mahali pake. Lakini mbele oili iliendelea kuchuruzika, maana sili ilikwisha sukumwa ikakaa upande.

Akaenda na gunzi mpaka mlangoni mwa choo. Likitumbukia humo, hakuna atakayejua, na ubaya wote utabaki kwa Evaristi. Ila sili hiyo hakuna wa kuiweka kabla ya Ijumaa isipokuwa yeye Evaristi, na asipoambiwa kilichokuwa kikisukuma, ataanza kuifumua injini kuanzia chini.

Alhamisi asubuhi alikwenda gereji kwa miguu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Akaliweka gunzi mezani, katikati ya spana.

Evaristi akaligeuza, akalinusa. “Nta.”

“Ya kwenu Ulyankulu. Lilikuwa kwenye mpira wa kupumulia. Nimeliziba mimi, mpira ulikuwa unanichafulia uwanja.”

Evaristi akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika.

“Cheka,” akasema Bi Kuluthumu, “lakini ucheke unatembea. Ijumaa ni kesho. Na ungeiosha injini siku ya kwanza ungeliona wewe.”

Evaristi akachukua gunia la spana, wakaenda. Siku nzima alifanya kazi: akaweka sili mpya, akabandua silikoni yote kwa wembe, akatengeneza upya gasketi. Chini ya mpira, kwa ajili ya yale matone mawili, akaning'iniza kwa waya lile kopo la bati alilokuwa akinywea maji, wazi juu, injini ipate kupumua. Wakapaka unga tena, Bi Kuluthumu akashika usukani, wakaenda Isikizya, nje ya mji, na kurudi. Unga ulirudi na vumbi jekundu la njiani. Oili haikuwemo.

Ijumaa Shaban alikuja amevaa kanzu. Akapiga magoti juu ya boksi, akamulika kwa simu, akamulika tena.

“Na hilo kopo, mama?”

“Tulisema chini ya gari. Kopo liko kwenye gari.”

Alimtazama Evaristi, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa wake, kana kwamba atapata msaada. Hakuupata. Akajifuta magoti, akaaga.

Evaristi akaomba maji ya kunywa. Bi Kuluthumu akageuka kuchukua kopo, akakumbuka kopo liko wapi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maua, akampa bila kumwangalia mikono.

Fundi alipoondoka, Bi Kuluthumu alikiosha kikombe kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga. Alama ya dole gumba ilibaki pembeni mwa mkono wa kikombe, nyeusi. Akasonya, akakirudisha kabatini, doa likielekea ukutani.