Tuliruka kilele cha mlima na mjamzito katikati yetu, na sasa watu wanaita ule msiba dawa

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu wote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni bibi wa upande wa Lusangi, mkulima wa mihogo na mpunga. Shule sikuingia hata kwa kuchungulia. Anayeandika ni mjukuu wangu Sifa. Mimi nasema, yeye anaandika, kisha ananisomea, na palipopinda namrudisha. Mkiona ukali humu, ni wangu, msimlaumu mtoto.

Nitakayosema niliyaona kwa macho, na mengine niliyashika kwa mikono hii. Chumvi sikuongeza.

Tupo Kasongo mpaka sasa, na Sifa ametufuata hapa. Maneno yenu nayahitaji leo, na mwishoni mtajua kwa nini.

Kwanza muijue barabara yetu. Kutoka Kabambare kuja Kasongo ni udongo mwekundu, inapanda na kushuka. Kila penye mteremko, watu wa vijiji wameinua matuta yanayokatisha njia, ili maji ya mvua yageukie porini yasiile barabara.

Matuta yaliwekwa kwa ajili ya maji. Vijana wa pikipiki wameyafanya mchezo.

Anayefika juu ya tuta kwa kasi, pikipiki inaacha ardhi. Wao wanaita kupaa. Penye kilele cha mlima wanapaa zaidi, kwa sababu ardhi inawakimbia chini yao. Aliyepaa vizuri, wenzake wanampigia klaksoni. Mjukuu wangu Amisi, kaka yake Sifa, anayebeba abiria kwa pikipiki, wamempa jina la Ndege, naye anaitika.

Sitajifanya mgeni wa utamu huo. Niliwahi kuuonja nikiwa nyuma ya Amisi, tukitoka sokoni. Tumbo lilipanda likanifika kifuani, nikacheka kwa sauti kama msichana, na kwa kitambo kile magoti yangu hayakuuma. Kwa hiyo ninapokemea, sikemei kitu nisichokijua.

Sasa nisikilizeni.

Riziki, mke wa Amisi, alikuwa na mimba ya kwanza, nayo imekomaa. Muuguzi wa kituo chetu cha afya alimpapasa tumbo, akakunja uso. Alisema mtoto amelala kwa upande, kama mtu aliyelala katikati ya mlango. Asizalie pale. Apelekwe Kasongo kabla uchungu haujaanza.

Gari hatuna, wala gari halipiti kwa siku unayolitaka. Pikipiki ya Amisi ndiyo ilikuwepo.

Amisi alikaa mbele. Riziki katikati, juu ya blanketi lililokunjwa. Mimi nyuma. Nilichukua kitenge nikamfunga Riziki kwenye kiuno changu, kama tunavyofunga watoto, ila huyu alikuwa mbele yangu badala ya mgongoni. Mikono yangu nikaipitisha chini ya tumbo lake.

"Amisi," nilimwambia mbele ya baba yake, "leo Ndege abaki nyumbani. Leo nataka kobe."

"Ni kobe, bibi. Kobe mwenye klaksoni."

Baba yake alicheka. Mimi sikucheka.

Asubuhi alitii. Kila tuta alilipanda polepole, gurudumu la mbele kwanza, kisha la nyuma, kama mtu anayevuka kizingiti na chungu kichwani. Mtoto alikuwa anacheza tumboni. Nilimhisi kwenye kiganja, teke hapa, teke pale, nikawa namwitikia kimoyomoyo.

Kisha wakatupita vijana wawili, kila mmoja na pikipiki yake, marafiki wa Amisi.

"Ee Ndege! Leo umekuwa kuku?"

"Muache," mwenzake akajibu, "kuku iko na mayai!"

Wakapaa tuta lililokuwa mbele, wote wawili, vumbi likatujaa vinywani. Niliona shingo ya Amisi ikikaza.

"Waache, Amisi," Riziki alisema.

"Nimewaacha."

Midomo iliwaacha. Mkono wake wa kulia haukuwaacha. Mwendo ukaanza kuongezeka kidogo kidogo, namna ambayo ukilalamika unaonekana mzee mwenye kelele. Nilimfinya mbavu. Akapunguza. Akaongeza tena.

Tukaufikia mlima mrefu.

Hapa niwaeleze jambo wasilolijua wa mbali. Njia hiyo ina watu wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa madumu ya mafuta ya mawese. Hawapandi baiskeli, wanaisukuma kwa miguu siku nzima. Wakimaliza kupanda mlima wanapumzika mara tu baada ya kilele, maana pale kuna upepo. Wanaegesha baiskeli kwa vijiti, zinajaza njia. Anayetoka upande wa pili hawezi kuwaona.

Kwa hiyo wana desturi. Wanakata matawi wanayalaza barabarani chini ya kilele, pande zote mbili. Ukiona tawi, ujue juu kuna watu. Wakiondoka wanapaswa kuyatupa porini, lakini wengi wanasahau.

Kwa sababu ya kusahau huko, vijana wa pikipiki wamejifunza kusoma majani. Jani likiwa bichi, kuna watu. Jani likikauka, watu walishaondoka.

Tuliliona tawi. Majani yalikuwa yamejikunja, yamejaa vumbi.

"Amisi, tawi," nilisema.

"Iko kavu ile, bibi. Ni ya jana."

Nililitazama, na kweli lilikuwa kavu. Hapohapo akaifungulia pikipiki mwendo wote.

Wakuu, pikipiki ikiwa hewani mlio wake unabadilika. Injini inapiga kelele nyembamba, kama mtu anayepiga yowe bila kujua anamwita nani. Chini hakuna mtikisiko. Mwili unakuwa mwepesi. Ule utamu niliowaambia ulinijia, na katikati yake nikaona baiskeli.

Zilikuwa zimejaa njia. Mtu mmoja alikuwa amechuchumaa anakula muhogo, akabaki na mkono mdomoni.

Pikipiki iliyo hewani haina mwenyewe. Amisi alikamata freni, lakini freni inashika gurudumu, na gurudumu halikuwa limeshika kitu. Alipinda usukani, tukaendelea kwenda kulekule.

Tulishuka juu ya baiskeli ya kwanza. Madumu yakapasuka. Tukateleza kwenye mafuta, pikipiki ikalala ubavu. Kwa kuwa tulikuwa tumefungwa pamoja, mimi na Riziki tulianguka pamoja, mimi chini, yeye juu yangu. Bega langu la kushoto mpaka leo halinyanyuki kufunga kilemba.

Wenye baiskeli wakaja juu.

"Wewe! Unaona hapa ni uwanja wa ndege?"

"Majani hukuona? Hauko na macho?"

"Yalikuwa makavu," Amisi alisema, bado amekaa chini.

"Tuliweka saa hii tu, wenzako walishapita! Ni jua ndiyo imekausha! Unafikiri kiangazi inangoja kesho?"

Aliyesema hivyo alikuwa mtu mzima, mafuta yamemfika magotini, na mkono alikuwa ameshauinua kumpiga. Hapo Riziki akaongea, kwa sauti ndogo.

"Bibi. Hachezi."

Niliweka viganja vyote viwili. Nikangoja. Nikabonyeza kidogo. Nikangoja tena. Tumbo lilikuwa gumu na kimya.

Yule mtu mzima akateremsha mkono.

"Kijana, kesi yetu ipo, tutaisikiliza siku nyingine. Inua pikipiki. Na wewe mama, pole. Kaa kwanza."

Sasa ikaja hofu ya pili. Amisi alitaka kukimbia, tufike upesi. Mimi nilitaka polepole, kwa sababu kila tuta lingempiga Riziki tumboni. Tukikimbia tunaweza kumuua mtoto kwa matuta. Tukienda polepole tunaweza kumuua kwa kuchelewa. Wote tulikuwa tunapiga kelele.

Riziki ndiye aliyekata shauri. "Mahali pa tambarare tukimbie. Kwenye tuta nitashuka."

Tukafanya hivyo. Wenye baiskeli wawili walitusindikiza kuteremka mlima, mmoja huku mmoja kule, wameishika pikipiki kama wanavyoshika baiskeli zao. Baada ya hapo tukabaki sisi. Kila tuta na kila kilele tulisimama, mimi na Riziki tukavuka kwa miguu, Amisi akavuka peke yake, tukapanda tena.

Nawaambia sehemu iliyonila zaidi. Tukiwa kwenye mwendo, kiganja changu kilihisi vitu vingi. Nilisema huyu ni yeye, huyu ni yeye. Kumbe ni mtikisiko wa pikipiki. Ningeweza kumjua mtoto pale tu tuliposimama, na kila tuliposimama hapakuwa na kitu.

"Bibi, unamsikia?" Riziki aliniuliza.

"Nasikia barabara," nilimjibu. Sikuweza kumdanganya, na ukweli wote sikuweza kuutoa.

Penye tuta lililofuata akashuka, akatangulia kutembea.

Tulipoingia Kasongo, pale karibu na soko, Amisi alipiga klaksoni mfululizo mpaka hospitali. Mkunga alimlaza Riziki, akatoa kile kipembe kidogo cha kusikilizia tumbo, akaweka sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Amisi alikuwa mlangoni analia kwa kwikwi.

"Baba, nyamaza," mkunga alisema bila kugeuka. "Unalia ndani ya sikio langu."

Akakihamisha mara nyingine, chini zaidi. Nikaona kidole chake kimoja kinaanza kugonga ubao wa kitanda. To, to, to, upesi upesi. Sikuelewa.

"Ndio moyo wake huo," alisema. "Yuko hai. Na kichwa kiko chini."

Kichwa chini, wakuu. Mtoto aliyelala kwa upande alikuwa amegeuka.

Kulikuwa na damu kidogo. Mkunga alisema anguko kama lile linaweza kuling'oa kondo la nyuma, na hapo mama na mtoto wanaondoka pamoja. Walimweka Riziki kitandani, wakawa wanamchungulia usiku na mchana. Hatimaye alizaa kwa njia ya kawaida, mtoto wa kike, mwenye sauti. Mwenyezi Mungu ahimidiwe.

Ningependa kuishia hapa. Siwezi.

Marafiki wa Amisi, walewale wa kuku na mayai, walikuja kumwona mtoto. Waliposikia kwamba alikuwa amelala vibaya na sasa alifika vizuri, walipiga makofi.

"Ndege daktari! Amemugeuza mutoto na mulima!"

"Lopitali ya nini? Kilele moja, mutoto anakaa sawa!"

Amisi alicheka kidogo. Kicheko hicho kilinichoma kuliko bega.

Mkunga aliwafukuza. Aliwaambia mbele yangu kwamba watoto wengi hujigeuza wenyewe siku za mwisho, kwamba huyu labda aligeuka hata kabla hatujapanda pikipiki, na kwamba kuruka hakugeuzi kitu, kunapasua. Walimsikia. Lakini maneno ya kuchekesha yana miguu kuliko maneno ya mkunga. Yalifika Lusangi sisi tungali hapa Kasongo.

Jana alikuja mtu kutoka upande wetu, simtaji. Mke wake ana mimba kubwa, naye ameambiwa mtoto amekaa vibaya. Hakuja kuuliza njia ya hospitali. Alikuja kumwomba Amisi ampitishe mke wake kwenye mlima.

Nilidhani Amisi atamfukuza. Alitazama chini, akasema, "Tuta dogo labda. Polepole tu."

"Ulilia pale mlangoni," nilimwambia. "Ulikuwa unalilia nini?"

"Bibi, lakini mutoto wangu si alifika salama?"

Hapo ndipo nilipoelewa hatari yenyewe. Kupaa kunampa mtu utamu, na utamu huo unatafuta sababu ya kubaki. Akikemewa, anasema ni mchezo. Akiponea chupuchupu, anasema ni ufundi. Na sasa amepewa sababu nyingine, kwamba ni dawa, na mtu mzima mwenye mke anasubiri nje kuinywa.

Funzo langu ni hili, na sina jingine. Gurudumu likiacha ardhi, dereva amekuwa abiria. Aliyefika salama kutoka hewani hakufikishwa na ufundi wake. Mjamzito asirushwe, tuta liwe dogo au kubwa. Akiambiwa mtoto amekaa vibaya, aende kwa mkunga, na kwenye kilele ashuke atembee. Vijana wakimcheka, wacheke.

Sasa nawageukia ninyi. Walio wakunga au waganga humu, semeni waziwazi kama kuna mtoto anayegeuzwa kwa kurushwa. Waendesha pikipiki, semeni mliyoyaona upande wa pili wa kilele, msionee haya. Na aliyewahi kumwachisha kijana wake mchezo huu, aniambie alitumia maneno gani, maana yangu yameisha.

Sifa atayasoma majibu yenu kwa sauti. Yule mtu amekaa uani na Amisi, wote wawili wananingoja nimalize, na ufunguo wa pikipiki nimeukalia.