Kitabu cha Tano Kilichobaki Mpanda

Jumatatu nilimaliza kitabu cha saba, cha mwisho, nikiwa nimekaa barazani Mazwi, mjini Sumbawanga. Sikumfikiria nahodha wa hadithi ile wala nyota zake. Nilimfikiria dada yangu, nikasema moyoni: hiki hajakisoma. Nilifurahi kwa namna isiyomfaa mtu wa miaka arobaini na sita.

Ni riwaya moja ndefu ya sayansi ya kubuni, vitabu saba vinene vya Kiingereza, kuhusu chombo cha anga kinachopeleka watu kwenye nyota nyingine. Vilinichukua miaka kumi na moja. Nilivisoma nikihamahama, Mbeya, Tunduma, Mpanda, kazi hii na ile, na kila nilipomaliza kimoja nilimtumia dada kwa basi la Sumbawanga. Yeye hajawahi kuhama kijijini kwetu Mollo. Cha tano nilikisahau katika nyumba ya wageni Mpanda, nikaona aibu kusema. Nikatuma cha sita, nikanyamaza.

Niliporudi mwaka huu ndipo nilipojua alichokuwa akivifanyia. Kila msimu wa kupukuchua mahindi, wanawake wa jirani wanapokusanyika uani kwake kusaidiana, huwasimulia kwa Kifipa. Ndani ya chombo kile sasa kuna ghala la ulezi. Nahodha anaongea kama shangazi yetu. Na kwa kuwa cha tano hakikumfikia, alikitunga mwenyewe, chote. Mama mmoja aliniambia hicho ndicho kitamu kuliko vyote.

Niliona wivu. Ni mimi niliyevibeba vitabu vile kwenye mvua, ni mimi niliyehangaika na kamusi. Na katika miji yote niliyopita, sikumpata hata mtu mmoja wa kumsimulia ukurasa.

Kwa hiyo Jumanne alasiri nilikwenda Mollo na cha saba kwapani, nikawakuta wanawake uani kwa dada wakipukuchua. Niliwaamkia wakubwa shikamoo, wakanitania kwamba leo mzururaji amepotea njia mpaka akafika kwao. Kabla dada hajaanza kusimulia, nikawaambia mwisho wa hadithi. Wasafiri wengine wote wanafia njiani. Nahodha anatua peke yake, anakaa juu ya jiwe, anazima redio. Basi.

Mikono ilisimama. Dada alitazama chini, akachezea punje. Nilijua nimemnyang'anya kitu mbele za watu, na hicho hasa ndicho nilichokifuata.

Bibi mmoja, mkubwa kuliko wote, aligeuka kunitazama, gunzi mkononi.

"Na yule mtoto aliyefichwa ghalani?"

Nikamwambia kwa heshima kwamba kitabuni hakuna mtoto.

"Yupo. Katika cha tano." Akalitupa gunzi kwenye rundo. "Basi, mjukuu wangu, aliyeandika hicho cha saba hakusoma cha tano."

Walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa kanga. Ningesema nini, kwamba cha tano cha kweli kipo uvunguni mwa kitanda Mpanda?

"Mpeni mahindi huyo," dada akasema, "mikono yake imekaa bure."

Akakichukua kitabu changu, hakukifungua, akakiweka chini, akakikalia. Kisha akaendelea pale alipoishia juzi, mtoto akiwa gizani kati ya magunia, akisikia hatua. Nilipukuchua mpaka kidole gumba kikaanza kuchubuka, wivu haujaniondoka, nikiomba mvua isije ikamkatisha kabla mlango wa ghala haujafunguliwa.