Siku Nilipomvua Baba Mkwe Cheo Mbele ya Wageni

Ukinikuta Koboko nimeinamisha kichwa, navuka upande wa pili wa barabara kwa haraka, usidhani nimeangusha kitu. Ni aibu tu. Hapo mbele kuna nyumba ya baba mkwe wangu, na ndani ya sebule yake sauti yangu iliwahi kutoka kwenye spika kubwa ikisema maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka nikiwa naoga peke yangu, najikuta nimefumba macho.

Chanzo ni intaneti ya nyumbani kwangu hapa Arua. Tulinunua kile kiboksi cheupe cha kuwekea laini (Zubeda, mke wangu, alikishonea hadi kitambaa), na kilifanya kazi vizuri mradi kuna mtu anakitumia, lakini ukikiacha kidogo tu, ukaenda kuteka maji, ukirudi mtandao umekatika, taa nyekundu inakukodolea macho mpaka uchomoe waya, usubiri, uchomeke tena. Nilikihamishia dirishani, nikakipandisha juu ya kabati, nikabadilisha laini, nikabadilisha waya, nikakipuliza vumbi kwa mdomo (usinicheke, hata wewe ungepuliza). Wapi! Nilichogundua ni kimoja tu: binti yetu Shamim akiwa anatazama katuni, hata asubuhi nzima, hakikatiki. Kinakatika kikikaa bure. Nikajiona nimekuwa fundi.

Sasa, Jumamosi moja wageni walikuwa wanakuja Koboko kumposa Hanifa, mdogo wake Zubeda. Zubeda alitangulia na mtoto, mimi nikabaki kwa sababu bodaboda ilikuwa imeniangusha njia ya Manibe na kifundo cha mguu kimevimba kama papai. Baba mkwe akasema mkwe mkubwa lazima aonekane, hata kama ni kwa simu. Kwa hiyo shemeji yangu Swalehe akaifunga simu yake juu ukutani pale sebuleni, akaiunganisha na spika ya sherehe, ili wakati ukifika nitoe salamu na wazee wote wanisikie.

Asubuhi tukajaribu. Picha ikaja safi, Swalehe akakata, akaenda kupanga viti, aliponipigia tena hanipati, mtandao umelala. Nikachomoa waya, nikachomeka, tukaongea, akakata, ukalala tena. Akachoka.

"Shemeji, wageni watafika na wewe hauko. Mzee iko moto tangu asubuhi, mimi nitasema nini?"

"Basi usikate tena," nikamwambia. "Tuache simu wazi hivi hivi. Kiboksi kikiwa na kazi hakilali."

Uamuzi wenyewe ni huo. Nikabonyeza ile alama yenye mstari ili nisionekane wala nisisikike mpaka zamu yangu, nikashusha sauti yao mpaka mwisho nisisumbuliwe na kelele za viti, nikailaza simu kifudifudi kwenye kochi, nikanyoosha mguu. (Ile alama, nilikuja kujua baadaye, inazima picha peke yake. Ya sauti iko pembeni yake.)

Haukupita muda akaingia Bosko. Bosko ni rafiki yangu anayeuza vitenge, mtu wa upande wa Kongo, alikuja kunijulia hali na nyama ya kuchoma imefungwa kwenye gazeti. Tukala. Nikamweleza nasubiri kuongea na wakwe, akatikisa kichwa.

"Mukwe yako mimi namuogopa," akasema. "Siku ya harusi yako aliniangalia, nikaona huyu ni mutu ameua batu."

Hapa lazima mjue jambo. Koboko nzima inamwita baba mkwe Sajini, na hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai kwake bila kusikia jinsi alivyolinda daraja peke yake na bunduki moja mpaka wenzake wakavuka. Lakini Zubeda aliwahi kuniambia, tukiwa wawili tu, kwamba baba yake hakupiga risasi hata moja maishani, alikuwa mpishi wa jeshi. Aliniambia kwa huruma, si kwa dharau, akaniomba nisimwambie mtu, nikamwahidi.

"Ameua nani?" nikamjibu Bosko, mdomo umejaa nyama. "Ameua kuku na mbuzi! Yule mzee alikuwa mpishi! Miaka yote ya jeshi anasonga posho. Hiyo hadithi ya daraja aliisikia kwa askari wakipanga mstari wa chakula!"

Bosko akapaliwa. Na mimi, mtu akishacheka siwezi kuacha, nikachukua mwiko, nikauweka begani, nikaifanya sauti iwe nzito kama ya mzee mwenyewe: "Kikosi! Maharage, mbele tembea!" Bosko akaanguka kwenye mkeka. Nikairudia.

Halafu nikainua simu nione kama wageni wamekaribia.

Walikuwa wameshafika. Wazee wamekaa mstari mzima, soda mikononi, wote wametazama juu, wananitazama mimi, na katikati yao baba mkwe na kanzu yake nyeupe, mkono mmoja bado umenyooka mbele kama mtu aliyekuwa anaonyesha kitu kilicho mbali. Alikuwa amefika darajani.

Swalehe alikuwa ametoka barabarani kupokea gari la pili, na simu ni yake, imefungwa juu, wazee hawajui pa kubonyeza. Nikapandisha sauti. Nikamsikia Zubeda, nadhani alikuwa ametoka jikoni mbio, lakini hakupiga kelele, alisema polepole tu, "Baba Shamim, kata simu."

Vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya nyama. Nikabonyeza, na badala ya kukata nikajiwashia picha, kwa hiyo ukutani ukatokea uso wangu na mwiko wangu begani, na nyuma yangu Bosko, hajui kinachoendelea, anafuta machozi akisema, "Rudia ile ya maharage!"

Wageni walimaliza soda zao, wakaaga kwa adabu, wakasema watarudi siku nyingine. (Walirudi, na Hanifa ameolewa, namshukuru Mungu, ila salamu zangu anaitikia akitazama mlango.) Kesho yake, sina pa kwenda na sina wa kuongea naye, nilifungua mipangilio ya kile kiboksi nikasoma mstari kwa mstari, nikakuta mahali kimewekwa kijizime kikiwa hakitumiki ili kupunguza umeme. Nikaondoa alama. Hakijakatika tena mpaka leo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivyo.

Mguu ulipokubali kukanyaga, nikaenda Koboko na Zubeda, natembelea fimbo. Mzee alikuwa nje kwenye kiti. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia.

"Keti. Mguu iko namna gani?"

Nikasema unapona, Baba. Yale yote niliyoyapanga ndani ya gari yalinipotea.

"Ile maneno ulisema iko kweli," akasema. "Mimi nilipika. Asubuhi bado giza naamuka, nawasha moto, askari wanakula, wanaenda. Jioni wanarudi. Wengine hapana rudi, chakula yao inabaki kwa sufuria, mimi naangalia ile chakula. Hiyo hakuna mutu anauliza. Watu wanauliza bunduki. Basi mimi niliwapa bunduki."

"Nisamehe, Baba."

"Nimesamehe. Lakini mimi hapana kuambia wewe hiyo maneno. Nani aliambia wewe?"

Zubeda alikuwa anakuja na maji ya kunywa, akasikia swali, akasimama pale pale na bilauri mkononi. Mzee akamtazama kidogo, kisha akatazama chini, hakuuliza tena. Nilitamani anitukane.

Siku hizi mzee anaeleza habari za jikoni bila kuficha, tena mbele za watu, la sivyo nisingethubutu kuwasimulia ninyi. Zubeda naye hajawahi kunigombeza. Tunaishi vizuri, tunakula pamoja. Lakini zamani akitoka kwao alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, anavua hereni huku ananieleza nani kasema nini na nani kanuna, mpaka tunacheka. Sasa nikimuuliza habari za nyumbani, ananijibu, "Nzuri." Mara moja alianza, "Unajua, Mama ana..." akanitazama, akasema, "Acha tu," akaenda kuchambua mchele.

Nimeapa kwamba neno la mke wangu halitatoka tena kinywani mwangu, si kwa Bosko, si kwa mtu yeyote. Ila kiapo chenyewe nimekiapa wakati hana tena neno la kuniambia.